Chumvi Juu ya Jiwe

Chumvi ya ng'ombe ina harufu, hata kama muuzaji atakuapia kwamba haina. Wiki tatu baada ya kumzika baba, baba mdogo alinituma kwenye duka la dawa za mifugo hapa Bungoma ninunue kilo mbili. Kijana wa duka alipofungua gunia na kuchota, ile harufu ya chuma na vumbi lenye unyevu ilinipanda puani, nikakaa juu ya gunia la chakula cha kuku. Akaniuliza kama nina presha. Nikamwambia ndiyo, nina presha, maana ni rahisi kumwambia mtu hivyo kuliko kumwambia kwamba umekumbuka wafanyabiashara wa Ghana ya kale.

Baba alikuwa mwalimu wa historia katika shule moja ya upili nje ya mji wa Kitale. Sisi tulikaa juu zaidi, kwenye miteremko ya Mlima Elgon, katika ekari nne alizozinunua kidogo kidogo wakati shamba kubwa la mzungu lilipokatwa vipande. Babu yangu alikuwa amechunga ng'ombe katika shamba lilo hilo, na hakuruhusiwa kufuga hata mmoja wake mwenyewe. Kwa hiyo baba alipofundisha habari za Ulaya ya zamani, za makabaila waliokaa ndani ya ngome na watwana waliozaliwa na kufa kwenye ardhi isiyo yao, hakuwa akisoma kitabuni. Alikuwa akisimulia habari za nyumbani. "Sisi, Nekesa," aliniambia, "ni watwana walionunua ngome." Ngome yenyewe ilikuwa nyumba ya udongo ya vyumba vitatu, na ilivuja upande wa jikoni, lakini ungemsikia akiitaja ungedhani ina mnara.

Jioni, kabla giza halijaingia, alikuwa akitandika karatasi ya manila mezani na kuchora ramani za kufundishia. Mimi nilishika pembe ili zisijikunje, na nilipofikisha miaka minane alinikabidhi kazi ya kupaka rangi. Hivyo ndivyo nilivyoijua dunia. Nilijua kwamba huko China mfalme aliitwa Mwana wa Mbingu, na mafuriko yakizidi watu walisema mbingu imemnyang'anya kiti. Nilijua mji wa Zimbabwe uliojengwa kwa mawe yasiyoshikwa na chochote. Nilijua kuna wafalme waliokula nyuma ya pazia kwa sababu waliaminika hawahitaji chakula, na yeyote aliyewaona wakitafuna aliuawa. Hilo la pazia lilinisumbua sana, nikawa nachungulia nione kama mwalimu mkuu wetu naye hula.

Nyinyi wa rika langu mnajua tulivyokuwa. Kitu kikiwa kwenye karatasi ya manila, basi kipo. Sikuelewa kwamba falme hizo zilikwisha kufa. Niliamini zipo mahali, mbele kidogo ya Lwakhakha, kule mpakani mama alikokwenda mara mbili kwa mwezi kuchukua bidhaa za kibanda chake. Kila aliporudi nilimuuliza kama ameona ngamia.

"Nimeona askari wa forodha," mama alijibu huku akijinyoosha mgongo. "Huyo kwangu ni ngamia wa kutosha."

Ramani niliyoipenda kupita zote ilikuwa ile ya Ghana ya kale, ya chumvi na dhahabu. Baba alichora mto kwa kalamu ya buluu, upande mmoja akaandika chumvi, upande wa pili dhahabu.

"Wenye chumvi walikuja mpaka ukingoni hapa," alisema. "Wakaipanga mafungu mafungu. Wakapiga ngoma, halafu wakarudi nyuma mwendo wa nusu siku. Wenye dhahabu nao wakatoka mafichoni, wakaangalia, wakaweka dhahabu kando ya kila fungu, wakaenda zao. Wenye chumvi wakirudi wakiridhika, wanachukua dhahabu. Wasiporidhika hawagusi kitu. Wanaacha vilevile na kungoja waongezewe."

"Na hawasalimiani?"

"Hawaonani hata sura. Ndiyo maana inaitwa biashara ya kimya."

"Na mtu akiiba?"

"Hakuna aliyeiba."

"Kwa nini?"

Baba aliacha kuchora. Nakumbuka hilo kwa sababu hakuwa mtu wa kutafuta jibu. "Kwa sababu kila mmoja alimhitaji mwenzake," akasema, "na kesho walitaka kurudi palepale."

Nililala na maneno hayo na nikaamka nayo. Kibandani kwa mama niliwaona watu wakisema kutwa nzima, wakiapa kwa jina la Mungu, na bado mama akiwapa kisogo tu wanachomoa kiberiti. Kumbe kuna watu wasiosema neno, na hawaibiani. Kichwani mwangu hesabu ikawa rahisi: watu wakinyamaziana, ndipo wanapoaminiana. Kati ya mambo yote niliyoyashika vibaya nikiwa mtoto, hilo ndilo sijaweza kulicheka.

Mpaka wetu wa juu ulikuwa kijito, na ng'ambo yake alikaa Mama Ruth. Wao walikuwa watu wa mlimani tangu zamani, sisi tulitoka Kamukuywa, na lugha zetu hazikuwa moja, lakini kwa miaka yote niliyokuwa na akili zangu hilo lilikuwa jambo la kuchekeshana tu. Mama Ruth alikuwa mrefu, mkavu, mwenye mwanya, na alipocheka alijifunika mdomo kwa leso. Ruth, bintiye, tulikaa dawati moja. Katikati ya kijito palikuwa na jiwe bapa ambapo wanawake waliweka mitungi, na hapo ndipo bakuli la mama lilipopita kwenda na kurudi.

Lilikuwa bakuli la bati jeupe lenye ukingo wa buluu, limebanduka rangi mahali pamoja ambapo Simiyu, mdogo wangu, aliliangusha. Mama alilipeleka na chumvi ya mawe, ile ya kijivu aliyouza kwa mkebe, kwa sababu ng'ombe wa Mama Ruth waliipenda. Zamani watu wao walipeleka ng'ombe mapangoni mlimani wakarambe udongo wa chumvi, lakini mapango yako mbali na chumvi ya mama ilikuwa hapa. Bakuli likarudi na maziwa, au wimbi, au hata viazi viwili tu. Kitu kilikuwa lazima kiwemo. Kwetu na kwao pia, chombo cha mtu hukirudishi kikiwa kitupu. Hata kama huna kitu nyumbani, utachuma majani ya kunde uweke. Ukirudisha chombo kitupu, kimeoshwa, kimefunikwa kifudifudi, mwenyewe anajua kuna jambo, na kwa kawaida ni jambo baya. Mtu mzima yeyote alilijua hilo bila kufundishwa. Mimi sikuwa nimefundishwa, kwa sababu sikuwahi kuliona likitokea.

Kisha ukaja mwaka ambao maziwa ya shule, zile pakiti za pembetatu, yalikuwa yamekwisha kuwa hadithi, na redio ilisema vyama vingi asubuhi mpaka jioni. Vikaratasi vilianza kuokotwa milangoni. Sikuonyeshwa, lakini nilisikia mama akimwambia baba kwamba vinasema watu wa chini, yaani sisi, warudi chini. Baba akasema ni watoto wa shule wanacheza. Wiki ile Ruth alihamia dawati la nyuma. Nilipogeuka kumwangalia aliangalia chini. Mama Ruth alikuja kijitoni akiwa ametazama maji tu, akachota, akapanda. Vijana wa kwao walikuwa wamekaa juu kwenye ukingo, mikono mitupu, hawachungi, hawalimi, wanaangalia nani anasema na nani.

Na mimi nilifurahi. Naandika hivi kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Watu wazima wote wa mteremko ule waliamka na mawe tumboni, na mtoto wa mwalimu wa historia alikuwa akirukaruka njiani kwa sababu biashara ya kimya hatimaye imefika kwetu.

Nilianza siku iliyofuata. Nilichota chumvi kwenye gunia la mama bila kuomba, nikaijaza bakulini, nikaiweka juu ya jiwe. Nikagonga mkebe wa mafuta ya kupikia mara tatu, kisha nikakimbilia nyumbani, maana nusu siku ya mwendo sikuwa nayo. Kesho yake chumvi haikuwepo na bakuli lilikuwa na maziwa mpaka ukingoni, limefunikwa kwa jani la mgomba. Hakuna mtu katika darasa letu aliyewahi kufanya historia.

"Umepewa na nani?" mama aliuliza.

"Kwa kina Ruth."

Mama alishika kifua. "Mungu asante. Hawa bado wako na sisi."

Iliendelea hivyo karibu mwezi mzima. Chumvi inakwenda, maziwa yanakuja, hakuna anayemwona mwenzake. Familia mbili upande wa kushoto zilifunga mizigo na kuteremka Kitale. Sisi tulibaki. Nilikuja kuambiwa baadaye, tukiwa Bungoma, kwa nini tulibaki. Baba na mama walikuwa wakiyatazama yale maziwa. Baba alikuwa amemwambia mama: maadamu bakuli la Mama Ruth linakuja na kitu, hatuna sababu ya kukimbia, siku likija tupu, tutaondoka hiyo hiyo siku. Hawakunijulisha. Nani anamwambia mtoto wa miaka kumi mambo kama hayo?

Siku ya Jumanne nilikuta bakuli limefunikwa kifudifudi juu ya jiwe. Lilikuwa limesuguliwa kwa majivu mpaka linang'aa. Nililiinua, ndani hamna kitu, nikalirudisha vilevile. Moyo ulinishuka, lakini si kwa sababu mliyoidhania. Nilidhani chumvi yangu imekuwa kidogo. Wenye dhahabu hawakuridhika. Na nilikuwa najua la kufanya, kwa kuwa lilikuwa kwenye karatasi ya manila: usiguse, ongeza, ngoja. Nikaenda nikaiba chumvi zaidi nikaimwaga kando ya bakuli, juu ya jiwe, fungu zuri lenye ncha.

Jumatano chumvi ilikuwa palepale, imeanza kulowa. Bakuli lilikuwa palepale. Nikaongeza fungu la pili na kugonga mkebe kwa nguvu. Jioni mama akaniita.

"Nekesa, bakuri yangu iko wapi?"

"Kwa kina Ruth."

"Na maziwa je? Ni siku ya pili hii."

Hapo ndipo. Nimerudi hapo mara nyingi kuliko nilivyorudi mahali popote duniani. Mama alikuwa ameinama anapepeta maharagwe, ungo ukasimama, akaniangalia kwa namna ambayo leo naielewa. Ningesema tu, liko kwenye jiwe, limefunikwa. Maneno manne. Lakini kusema kungekuwa kuvunja kanuni ya kimya, na tena kungenitoa kwenye kimya changu kingine, kwamba gunia lake la chumvi lilikuwa limepungua karibu robo na yeye alikuwa akiwashuku panya na wateja.

"Ruth amesema ng'ombe wao anakaribia kuzaa," nikasema. "Wameacha kumkama."

Mama aliniangalia kidogo, kisha ungo ukaendelea. "Aya. Si ungesema tangu jana."

Nilikuwa hodari wa kudanganya, ule uhodari wa mtoto anayesoma sana.

Alhamisi kulikuwa na kitu kipya kando ya bakuli: jembe letu, lile aliloazima mume wa Mama Ruth msimu wa kupalilia, na chekecheo letu, na kile kitabu cha Hesabu nilichomwazima Ruth. Vyote vimepangwa vizuri. Nilifurahi nusura nipige kelele. Niliona bei imepandishwa. Sikugusa kitu, kwa kuwa ukigusa umekubali, na mimi nilitaka maziwa. Niligonga mkebe mara tatu, nikangoja kwenye majani, nikagonga tena. Sasa najua kwamba Mama Ruth alikuwa kwenye miti upande wa pili, ananisikia. Labda alidhani ninamjibu.

Ijumaa saa tisa alasiri tuliona moshi kwenye tuta la juu, kisha moshi wa pili karibu zaidi, kisha tukasikia watu. Baba alikuwa amerudi mapema na mafua. Sitaeleza mengi. Mama alimfunga Simiyu mgongoni kwa kanga, baba akanishika mkono, tukaingia kwenye mahindi. Mvua ilikuwa inaanza. Baba alirudi mlangoni mara moja tu, nikadhani amefuata pesa au kitambulisho, akatoka na furushi la ramani zake chini ya kwapa. Kufikia barabara kubwa zilikuwa uji, rangi zangu zote zimemchuruzika kwenye shati, akaziacha mtaroni.

Tulilala kwenye uwanja wa kanisa mjini Kitale pamoja na mamia ya wengine, chini ya karatasi za nailoni. Hatukuwa na blanketi hata moja. Simiyu alikuwa na miaka minne na kifua chake hakikuwa kizuri tangu kuzaliwa. Siku ya tano alianza kupumua kwa sauti, ya saba wakasema ni nimonia, ya tisa mama alikuwa amembeba tu, amekwisha kupoa, hamtoi kwa mtu. Mtu akipewa siku tatu hafanyi miujiza. Anafunga mablanketi, anabeba sufuria, anateremka na jua la asubuhi na mtoto wake amevaa sweta mbili. Hiyo ndiyo tofauti. Sikuhitaji mtu anieleze, na hakuna aliyenieleza, kwa sababu hakuna aliyejua zaidi yangu.

Tulihamia Bungoma, chumba kimoja cha kupanga, kisha viwili. Baba alipata uhamisho, akaendelea kufundisha, lakini ramani hakuchora tena. Alinunua zile za kuchapishwa. Nilipofika kidato cha pili alikuwa mwalimu wangu darasani, na tulipofikia biashara ya kimya aliisoma kama mtu anayesoma orodha ya vifaa. Msichana mmoja akainua mkono na kuuliza kwa nini hawakuibiana. Baba akafunga kitabu juu ya kidole chake.

"Hiyo ni ya vitabuni," akasema. "Andikeni vile itakavyoulizwa kwenye mtihani. Watu wa namna hiyo hawajawahi kuwepo."

Nyumbani alikuwa na sentensi moja. Aliisema kwenye chakula, aliisema wageni wakija, aliisema redio ikitaja mlima. "Miaka kumi na miwili tumekula na yule mama, na hakutuma hata neno." Haikuwa kuhusu waliochoma. Waliochoma hakuwajua. Chuki yake yote aliiweka kwa mtu mmoja mwenye mwanya aliyejifunika mdomo akicheka. Ndugu zangu waliozaliwa Bungoma, ambao hawajawahi kuuona mteremko ule, walijua jina la Mama Ruth kabla ya kujua jina la chifu wetu. Mama hakusema mengi. Akisikia jina hilo alitoka nje.

Kila baba aliposema, nilikuwa pale. Nilimpakulia ugali. Mwanzo niliogopa kupigwa. Baadaye niliogopa kwamba hatanipiga. Kisha miaka ikawa mingi mno, na uongo wa mtoto ukawa uongo wa mwanamke mzima, na huo hauna wa kuusamehe kwa sababu ya umri. Nilijiambia nitamweleza akistaafu, nikajiambia nitamweleza akiugua. Aliugua. Siku tatu kabla hajafa aliniomba maji, akanywa, akasema, "Hata neno, Nekesa." Nikamfuta mdomo.

Tulimzika Kamukuywa. Watu walikuwa wengi, wanafunzi wake wa zamani wenye vitambi na magari. Chakula kilipokuwa kinagawanywa, mtoto alikuja kuniita akasema kuna fujo getini. Nilimkuta baba mdogo amesimama katikati ya njia ametanua mikono, na mbele yake mwanamke mzee, mrefu, amekauka zaidi, ameshikiliwa na mwanamke wa umri wangu. Ruth nilimjua kwa namna alivyoangalia chini.

"Wewe mama uko na moyo gani?" baba mdogo alikuwa akisema. "Urijua na ukanyamaza. Sasa umekuja kuona nini?"

"Nimekuja kuzika jirani," akasema yule mzee.

"Jirani wa nani? Si urimuua?"

Akaniona. Hakuniita kwa sauti, aliinua tu kidevu, nikasogea. Alikuwa amebeba kitu kilichofungwa kwa kitambaa cha maua.

"Nekesa. Umekuwa mama mkubwa." Aliongea polepole, Kiswahili chake kile kile cha kuokoteza. "Mimi sikai. Nataka kuuliza kitu moja tu, halafu niende. Wale vijana walikuwa wanaangalia sisi. Mtu akiongea na nyinyi, hiyo nyumba yake pia inachomwa. Sasa mimi nikaosha bakuli, nikafunika kwa jiwe. Siku tatu. Nikaweka na jembe. Mama yako aliona?"

Nyuma yangu baba mdogo alikuwa akihema. Wanawake wawili wenye sahani walikuwa wamesimama kusikiliza. Miaka yote ile nilidhani mimi peke yangu ndiye niliyebeba swali. Kumbe naye alikuwa amelibeba, kule juu, akijiuliza kama tulijua tukakaidi, au kama hatukujua.

"Sikumbuki, Mama Ruth," nikasema. "Nilikuwa mtoto."

Macho yake yalikuwa bado makali.

"Ulikuwa unakuja pale kila siku," akasema. "Na mkebe. Nilikuwa nakuona kwa miti."

Ningeweza kugeuka na kumwambia baba mdogo, mbele ya sahani zile mbili, kwamba mama huyu alituma neno, alilituma siku tatu mfululizo, na lilifika mkononi mwangu. Kaburi la baba lilikuwa bado halijakauka, hatua hamsini kutoka pale. Ningekuwa nimechelewa kwa siku chache tu.

"Aya," Mama Ruth akasema. "Basi hukumbuki." Akaniwekea lile furushi mikononi, akamshika Ruth, wakateremka kuelekea barabarani. Baba mdogo akatema mate.

Nililifungua nikiwa Bungoma. Wimbi safi, lililopepetwa, na chini ya wimbi bakuli la bati jeupe lenye ukingo wa buluu.

Mama anakaa kwangu sasa. Macho yake yana mtoto wa jicho, kwa hiyo anaangalia vitu kwa vidole. Juzi, siku niliyotoka kununua ile chumvi, nilimkuta jikoni amelipakata lile bakuli, wimbi likiwa bado ndani, kidole gumba chake kinazunguka ukingoni. Kikafika mahali palipobanduka, kikasimama.

"Hii ni ya nani?"

"Ililetwa matangani."

"Nilikuwa na moja kama hii. Na ilikuwa imebanduka hivi hivi. Simiyu aliiangusha." Kidole kikapita hapo tena. "Nani aliileta?"

"Watu walikuwa wengi, mama."

Alichota wimbi kidogo, akaliacha likamiminika tena. "Huyo amelelewa vizuri," akasema. "Siku hizi mtu anarudisha chombo tupu na hata haoni aibu. Umtafute, umrudishie na kitu."

Nikasema sawa. Nilimimina wimbi kwenye debe, nikaliosha lile bakuli, nikalifunika kifudifudi kando ya sinki likauke, kama ninavyofunika vyombo vyote. Nilikuwa nimeshafika mlangoni nilipogeuka nikaona lilivyokaa. Mama alikuwa bado kwenye kigoda chake, uso umeelekea dirishani, hawezi kuona kitu. Nikarudi, nikaligeuza taratibu lisitoe sauti.